Wikendi ya baiskeli na mvinyo Dodoma: ipange hivi

Anayepanga safari hii kwa mara ya kwanza huanza na ramani: shamba hili hapa, kiwanda kile pale, kisha anavuta mstari katikati na kuuita njia. Kwa Dodoma mpango wa namna hiyo hufia saa sita mchana, jua likiwa utosini, upepo usoni na glasi mbili kichwani. Anza na saa, siyo ramani. Asubuhi ni ya baiskeli, mchana ni wa kivuli, jioni ni ya glasi. Njia, vifaa na hata idadi ya chupa vinafuata mpangilio huo.

Mwezi wa kwenda

Mzabibu wa Dodoma haulali kwa baridi kama wa Ulaya. Ukishapogolewa unaamka na kuanza upya, na toka kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne. Ndiyo maana kuna mavuno mawili kwa mwaka: moja kwenye Februari na Machi, jingine kwenye Agosti na Septemba.

Kwa mwendesha baiskeli mavuno ya pili ndiyo yenyewe. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kuisha Aprili, hivyo mavuno ya kwanza yanakutana na tope, na zabibu iliyoiva kwenye unyevu hupungukiwa sukari na kushambuliwa na ukungu. Agosti na Septemba ardhi imekauka, vishada vimekolea na asubuhi ina ubaridi wa kuhitaji sweta nyepesi. Ubaya wa msimu huo ni miwili, upepo na mbigiri, na yote tutayarudia. Oktoba na Novemba ziache. Joto linapita nyuzi 30 na mashamba mengi yanakuwa yametoka kuvunwa, kwa hiyo utaendesha kilomita 40 kwenda kutazama vijiti.

Piga simu kabla ya kukata tiketi

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Kiwanda cha mvinyo ni kiwanda. Kina geti, mlinzi, zamu na siku za kazi. Ukifika Jumapili mchana na helmeti kichwani, mlinzi atakusikiliza kwa heshima zote na geti litabaki limefungwa. Kwa hiyo ziara ya kiwanda iweke Ijumaa, au Jumamosi asubuhi kama wenyewe wamekubali, na Jumapili iache kwa mashamba na barabara.

Simu iwe wiki moja kabla, na uulize mambo manne: kama wanapokea wageni wasio wanunuzi wa jumla, kama kuna kuonja au ni kutembezwa tu, kama mnaweza kununua chupa mojamoja pale pale, na kama baiskeli zinaweza kuingia ndani ya geti. La nne linaonekana dogo mpaka siku utakayoambiwa uiache nje barabarani.

Kwa upande wa mashamba, maeneo ya kuyajua ni haya. Kaskazini, barabara ya Arusha, kuna Veyula na Makutupora, ambako ndiko kiliko kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Aina nyekundu maarufu ya Dodoma imechukua jina la hapo hapo. Kusini-magharibi, barabara ya Iringa, kuna Bihawana, misheni ya Kikatoliki ambayo historia ya zabibu za Dodoma haisimuliwi bila kuitaja, na mbele yake Mpunguzi. Kaskazini-mashariki kuna Hombolo, penye bwawa lililojengwa mwaka 1957 na kiwanda cha mvinyo cha Cetawico. Mashariki, barabara ya Dar es Salaam upande wa Chamwino, kuna shamba kubwa la ushirika la Chinangali II linalomwagiliwa kwa matone. Usijaribu yote kwa wikendi moja. Chagua mawili.

Baiskeli: ya kuja nayo au ya kukodi

Kama unayo yako na imekuzoea, njoo nayo. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 na ndiyo njia ya haraka kutoka Dar es Salaam, lakini baiskeli nzima si mzigo wa kubeba mkononi, kwa hiyo ulizia masharti ya mizigo kituoni kwanza. Kwa basi ni rahisi zaidi: inaingia kwenye buti, unalipia mzigo na unapewa risiti. Stendi kuu iko Nanenane, Nzuguni, nje kidogo ya mji. Ukishuka hapo, tafuta kona ya kivuli, unganisha baiskeli na uiendeshe hadi unakolala. Ndilo jaribio la kwanza la kama umeifunga sawasawa.

Kuifunga kwa ajili ya buti: toa tairi la mbele, kisha weka kipande cha mti kati ya miguu ya uma na ukifunge kwa kamba, maana uma mtupu ukigandamizwa na gunia la vitunguu hupinda. Geuza usukani ulale sambamba na fremu. Fungua pedali. Ya kulia inafunguka kinyume na mshale wa saa, ya kushoto inafunguka kwa kufuata mshale wa saa. Wengi huharibu nati ya kushoto kwa kuikaza wakidhani wanailegeza. Upande wa gia uwe juu wakati wa kuilaza, na simama hapo hadi buti lifungwe.

Ya kukodi utaipata kwa kuongea na fundi baiskeli, na mara nyingi itakuwa ya mjini yenye gia au Phoenix. Phoenix ni imara na kila kijiji kina fundi wake, ila ni nzito, haina gia, na breki zake za fimbo hazishiki vizuri rimu ikiwa na vumbi. Kwa lami ya Bihawana inatosha. Kwa mchanga wa njia za mashambani utaisukuma zaidi ya kuipanda. Kabla ya kutoa pesa: zungusha kila tairi uone kama rimu inayumba, bana breki zote mbili kisha sukuma baiskeli mbele, shika mkono wa pedali uutikise kuangalia bearing, na urefushe siti hadi mguu unyooke kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini. Siti fupi ndiyo mama wa maumivu ya goti.

Mbigiri, mchanga na vumbi

Pancha za Dodoma ni suala la idadi tu; kupata utapata. Mbigiri ni jani linalotambaa kando ya njia. Mvua zikiisha mbegu zake hukauka na kuwa na pembe ngumu zinazosimama zikiangalia juu, na kuanzia Juni zimetapakaa kila penye ukingo wa barabara. Juu yake kuna miiba ya migunga inayodondoka njiani.

Kinga ya kwanza ni mahali pa kupita. Kaa kwenye alama za matairi zilizokwisha kupitwa na usishuke kando kwenye majani, hasa unaposimama kupiga picha. Baiskeli isilazwe chini. Iegemeze kwenye mti. Ya pili ni kumwaga gundi ya maji ya kuziba pancha ndani ya tyubu kabla ya safari, kama valvu yako inafunguka kiini. Ya tatu ni kubeba vya kutosha: tyubu 2 kwa kila mtu, viraka 10 na solusheni mpya kwa kundi (tyubu ya solusheni iliyofunguliwa mwaka jana huwa imekauka), vibanio 3 vya kutolea tairi, msasa na pampu iliyojaribiwa nyumbani.

Ukipata pancha, usikimbilie kiraka. Kosa la kawaida ni kubadilisha tyubu na kuacha ncha ya mwiba ndani ya tairi, kisha tyubu mpya inaisha upepo baada ya mita 500. Toa tairi upande mmoja, pitisha kitambaa kwa ndani mzunguko mzima, polepole. Kitanasa kwenye ncha kabla kidole chako hakijachomwa. Mbigiri mmoja mara nyingi huwa na wenzake wawili. Baada ya hapo kwangua tyubu kwa msasa, paka solusheni eneo kubwa kuliko kiraka, na subiri dakika kama 5 ikauke hadi ising'ae. Kiraka kinachobandikwa kwenye solusheni mbichi huvuliwa na joto la mchana.

Upepo wa tairi kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi la inchi 2: psi 35 hadi 40 kwenye lami, 28 hadi 30 ukiingia njia za mchanga. Chini ya hapo ukiwa na mzigo, rimu inabana tyubu kwenye jiwe na kuacha matundu mawili yaliyo sambamba, kama ameuma nyoka.

Kwenye makorongo yenye mchanga mwingi, shusha gia kabla hujaingia, sogeza uzito nyuma, tazama mbali na usikate usukani. Ikianza kuzama, shuka. Hakuna anayekupa medali kwa kuanguka ukiwa umekaa.

Cheni ipakwe mafuta mepesi ya cherehani au ya cheni yenyewe, tone moja kwa kila pingili, kisha ifutwe ikauke kwa nje. Oili chafu ya gari ambayo mafundi hupenda kumwaga hugeuka msasa ikishakutana na vumbi jekundu.

Ijumaa

Fika kabla ya saa saba mchana. Nenda kiwandani ulikopatana nao, kwa bajaji. Baiskeli ibaki imefungwa kwenye nyumba ya wageni, ili uweze kuonja bila kupiga hesabu ya kurudi. Nunua hapo chupa za kuonja kesho jioni. Angalia kila chupa ina stempu ya kielektroniki ya ushuru kwenye kizibo au shingo, na usichukue iliyokaa dirishani juani: mvinyo uliopigwa joto hupoteza harufu ya tunda, na kizibo husukumwa juu kidogo.

Jioni hiyo andaa maji, lita 3 kwa kila mtu kwa siku ya njia ndefu. Kiwango cha kunywa ni nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Chupa moja iwe na ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji. Hewa ya Dodoma ni kavu mno. Jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu anaweza kuishiwa maji mwilini huku fulana yake ikiwa haijalowa hata kidogo.

Jumamosi: kaskazini

Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Barabara ya Arusha ni lami, ina miinuko midogo, na hadi Makutupora ni kilomita 20 na kitu. Kwa mwendo wa kawaida, kilomita 13 hadi 15 kwa saa pamoja na kusimama, saa mbili na nusu mmefika, wakati wavunaji wako kazini. Zabibu huvunwa mapema kishada kikiwa bado kina ubaridi wa usiku. Kikisubiri jua kinaanza kuchacha ndani ya kreti.

Malori na mabasi ya Kondoa na Babati yapo. Pandeni mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto, na ukisikia honi ndefu nyuma yako shuka kwenye ukingo kwanza. Barabara ya mzunguko wa nje ya jiji, kilomita 112.3, inapita Veyula na pia Matumbulu kule kusini, na wapo watakaoshawishika kuunganisha kaskazini na kusini kwa siku moja. Imejengwa kwa ajili ya malori. Kivuli hakuna, na duka la maji si la kulitegemea.

Shambani, salimu kwanza. "Mbukwenyi" kwa kundi, au "shikamoo" kwa mzee, hufungua mlango ambao pesa haifungui. Omba kuingia, na baiskeli ziache nje ya mistari: mipira ya umwagiliaji wa matone hulala juu ya ardhi na tairi moja hukata msimu wa mtu. Usichume na kula bila kuuliza lini dawa ilipigwa. Mizabibu hupulizwa salfa na dawa nyingine dhidi ya ubwiri unga, na kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kula. Ukiruhusiwa, onja punje ya juu ya kishada kisha ya chini. Ya juu kwa kawaida ndiyo huwa tamu zaidi. Tafuna na mbegu. Mbegu ya kahawia inayovunjika kama karanga ni dalili ya zabibu iliyoiva kweli, na mbegu ya kijani ikiacha ukakasi ulimini basi bado. Kamera iwe kwa mizabibu na kwa watu waliokubali. Makutupora kuna kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na huko kamera haina kazi.

Utakutana na watu wanaouza mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kwenye madumu na chupa za maji. Mwingine ni mzuri sana, ila jua unachokinunua. Kama unatoa mapovu na chupa imevimba, bado unachacha: hakuna kuukaza kizibo na kuuweka kwenye begi juani, utapasuka. Kama unanusa kama siki au kama rangi ya kucha, umeshaharibika. Na kumbuka bado una kilomita 20 za kurudi. Onja kijiko, nunua nusu lita, endelea.

Msalato iko njiani, kama kilomita 12 kutoka mjini, na Jumamosi ndiyo siku ya mnada wake wa mifugo. Panga kuingia hapo saa tano, kabla foleni ya nyama haijakomaa. Mbuzi wa kuchoma, ugali, kachumbari. Pilipili nenda nayo taratibu, ulimi huo una kazi jioni. Baiskeli zifungwe pamoja kwa mnyororo mmoja mahali mnapoziona.

Sasa upepo. Kwenye kiangazi unavuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na hupata nguvu kadiri asubuhi inavyosogea. Kwenda kaskazini unakusukuma mgongoni kwa pembeni na unajiona bingwa. Kurudi unakudai deni. Kwa hiyo kilomita za kurudi zihesabu mara moja na nusu. Pumzika Msalato hadi saa kumi, kisha malizia taratibu. Mwenye kichwa kizito au aliyeishiwa miguu apandishwe kwenye kirikuu, ile pikapu ndogo, pamoja na baiskeli yake. Weka namba ya dereva mmoja toka Ijumaa na mpatane bei kabla. Giza linaingia baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na barabara hiyo usiku si ya baiskeli, hata kwa mwenye taa.

Meza ya jioni

Huu ndio moyo wa wikendi, kwa hiyo msiufanye mkiwa na njaa wala vumbi. Ogeni, kuleni kidogo, msipake manukato. Watu sita na chupa sita ni hesabu nzuri kwa kumimina mililita 30 kila mmoja. Chupa ya mililita 750 inatoa vipimo 25 vya namna hiyo, hivyo nyingi zitabaki kwa chakula.

Kila mvinyo 30 ml mara sita ni 180 ml. Kwa mvinyo wa asilimia 12 hiyo ni kama gramu 17 za kilevi, na mwili huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa maneno mengine, hata kuonja kwa adabu ni zaidi ya glasi moja kamili na kunataka saa mbili kuisha. Weka ndoo ya kutemea mezani na uwe wa kwanza kuitumia, wengine wataacha aibu.

Joto la chupa ndilo linaloharibu kuonja kuliko kitu kingine. "Joto la chumbani" la vitabu vya Ulaya ni nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dodoma jioni ya Septemba kimezidi hapo. Mvinyo mwekundu wa nyuzi 27 unanukia spiriti tu, na watu wanaulaumu mzabibu. Weka mwekundu kwenye ndoo ya maji na barafu dakika 15, mweupe dakika 30. Barafu hakuna? Vika chupa soksi iliyolowa na uitundike penye upepo. Kwa hewa kavu kama hii maji yanakauka haraka na kuondoka na joto. Loweka tena kila dakika 10.

Mpangilio: mweupe mkavu kwanza, na hapa Chenin Blanc ya Dodoma ndiyo ya kuanzia, kisha mwekundu mkavu, Makutupora na Syrah kama mmepata zote mbili, kisha mitamu, mwisho ile iliyoongezwa nguvu kwa spiriti. Ukianza na mtamu, mkavu unaofuata utaonekana mchungu kama shubiri hata kama ni mzuri. Funikeni chupa kwa mifuko ya khaki na mzipe namba. Jina la chupa na bei yake huonja kabla ya ulimi.

Shika glasi kwenye mguu wake, itazame juu ya karatasi nyeupe, nusa kabla ya kuitikisa na baada ya kuitikisa, kisha chukua funda dogo na ulizungushe mdomoni. Andikeni neno moja au mawili kila mtu kivyake kabla ya kuzungumza: ukwaju, zambarau, ubuyu, udongo wa mvua ya kwanza, ngozi. Majina ya matunda ya Ulaya hayana kazi kwenye meza hii. Katikati safisheni kinywa kwa maji na mkate mkavu au karanga zisizo na chumvi.

Jumapili: Bihawana

Njia fupi, kama kilomita 15 kwenda. Kama jana usiku uliendelea na glasi baada ya kuonja, lala. Pombe ya saa sita usiku bado ipo mwilini saa kumi na mbili asubuhi. Vinginevyo toka saa moja. Ni asubuhi ya ibada, kwa hiyo ukifika misheni vaa kitu juu ya kaptula ya baiskeli na subiri misa iishe kabla ya kuuliza chochote. Mwenye miguu aongeze hadi Mpunguzi na kugeuza. Kurudi upepo utakuwa wa pembeni kulia, unaoyumbisha baiskeli yenye mzigo kila lori linapopita, na ndiyo sababu ya kuwa mjini kabla ya saa tano.

Hombolo, kama kilomita 40 kwenda tu, iache kwa safari nyingine ya siku tatu. Faida yake ni kwamba upepo unaukabili asubuhi ukiwa mpya, na jioni unakurudisha nyumbani.

Chupa za zawadi: moja iliyojaa ina uzito wa kilo moja na robo hivi, kwa hiyo 3 kwenye keria ni mwisho. Viringisha kila moja kwa kanga, zilaze katikati ya begi shingo zikipishana, na juu weka nguo iliyolowa. Kwenye basi zikae nawe ndani, miguuni. Buti la basi la mchana ni tanuri.